Pedi ya Vidole Vitatu

Shemeji yangu mpendwa,

Sasa hivi hapa Chiriku ameichukua pedi mpya ya gemu, ameilaza begani, anaipigapiga mgongoni kama mtoto aliyeshiba maziwa anayesubiriwa acheue. Sijui alibonyeza wapi, ikatetemeka. Ameshtuka, ameitazama sana, halafu amenigeukia na kuniambia taratibu, asije akaiamsha, "Mama, ina baridi." Ameondoka mbio kuitafutia shuka. Nimecheka mpaka kalamu imenidondoka.

Unisamehe kwa kutanguliza vituko vya mtoto kabla ya salamu. Hujambo lakini? Kikohozi kimekuachia? Na lile dirisha la chumba chako, wameshalitengeneza au bado unaliziba kwa gazeti? Mafunzo ya mafriji yanakwendaje? Hapa jikoni ninapokuandikia friji letu linanguruma kama lina kesi na mtu, linakusubiri wewe. Sisi ni wazima. Nikisema wazima, shemeji, naomba ukae kitako kwanza, maana kuna neno hapo katikati.

Umezoea nikuandikie kwa simu, lakini simu yetu ni moja na kaka yako huisoma kabla yangu. Kwa hiyo nimechukua karatasi. Mwandiko wangu unaujua, ule wa kuku aliyekanyaga wino, usinicheke. Dereva anayetuletea sponji amesema anapita huko kwenu, atakukabidhi mkononi.

Kaka yako aliumia mkono wa kulia. Kisu cha kukatia sponji kilimteleza kwenye karakana yake ya masofa, kikaingia kwenye kidole gumba na kile cha pili. Kidonda kimefunga vizuri, usihofu, ila vidole hivyo viwili havikunji. Vipo tu, kama wageni waliokuja bila kusema wanaondoka lini. Vitatu vilivyobaki ni vizima. Kazi amewaachia vijana wake kwa sasa, yeye anakaa pembeni anawaelekeza, wao wanakosea, yeye anauma meno.

Alinikataza nisikwambie. Alisema Dogo akisikia ataacha mafunzo, atapanda gari siku hiyo hiyo, aje akae hapa amtazame kwa huruma, na huruma ya mdogo wake haiwezi. Mimi nikakubali. Lakini juzi ameniambia eti nikuandikie kwamba gemu basi, yeye ameshakua, ana mtoto, hizo Jumapili zenu za kucheza mpira kwa mtandao zifungwe. Alisema hivyo huku ameangalia ukuta. Shemeji, mimi sikusoma sana, ila najua kwamba kwenye gemu lile mpira ndio kitu kidogo kabisa. Ndipo mnapoulizana hali. Ndipo ulipomwambia habari za yule binti wa chuoni, na kwenye simu hukuwahi kumgusia. Nikaona nikinyamaza mtapotezana hivi hivi, kila mmoja akimtakia mwenzake mema.

Basi nikaanza kujiuliza, hivi pedi zote duniani zimetengenezwa kwa gumba? Nilikaa na ile ya zamani mapajani nikaigeuza kila upande. Juu vitufe vinne, vyote vinataka gumba. Mbele vifyatuo, vinataka kidole cha pili. Vile vidole vitatu vya chini havina kazi yoyote, vinashikilia tu kama abiria. Nikawaza, mtu akiweka vitufe huko nyuma walipo abiria itakuwaje? Nikajiona nimegundua kitu kikubwa, kumbe wenzetu walishagundua zamani!

Nilikwenda mtaa ule wa maduka ya simu, Chiriku mgongoni. Kabla ya kuingia nikatoa plasta kwenye pochi, nikajifunga gumba na kidole cha pili cha mkono wa kulia mpaka vikawa vigumu kama kijiti. Dada wa duka la kwanza alinipa pole akauliza nimeumia wapi. Nikamwambia sijaumia, nataka kununua. Alinitazama kama naomba mkopo. Akaniletea pedi inayowaka taa za rangi zote, akasema hii watoto wanaipenda. Nikamwambia mtoto wangu mwenyewe ana ndevu. Nilipoijaribu, taa zilikuwa nzuri kweli, ila nyuma hakuna kitu, ni tupu kama kisogo.

Duka la pili walikuwa na yenye vitufe vya nyuma, nikafurahi, kumbe inaelewana na mashine ya aina moja tu. Na sisi, wewe unajua, tunachezea ile kompyuta uliyotuachia, na umeme ukikatika tunahamia kwenye simu. Nyingine ilikubali kompyuta na simu, lakini ina waya, na waya nyumba hii hapana. Chiriku alishavuta ule wa zamani mara moja tu na kompyuta ikaja na meza.

Duka la mwisho lilikuwa la kaka mmoja mnene, mpole, anayeitwa na wenzake Chaji. Huyo hakuniuliza plasta ni ya nini. Aliniwekea tatu mezani akasema mama, jaribu, mimi nipo. Nikamuuliza maswali mpaka nikajionea haya. Betri ikiisha inachajiwa au inabadilishwa? Ikianguka je? Kitufe cha nyuma nikitaka kifanye kazi ya kupiga shuti, namwambia nani? Akacheka, akanionyesha, unabonyeza hapa, unashikilia, halafu unabonyeza kile unachotaka kiigwe, basi kimejifunza. Bila kompyuta, bila chochote. Nilijaribu kwa vidole vyangu vitatu, shemeji. Pasi, shuti, kukimbia, vyote vilikuja. Nilipiga kelele dukani, Chiriku naye akapiga, watu wakageuka. Nikamwambia Chaji aifunge hiyo hiyo, nyeusi, haina mbwembwe. Inaingia kwenye kompyuta, kwenye simu, hata kwenye runinga zile za kisasa tusizonazo.

Nilimwekea kaka yako mapajani. Aliiwasha, akashika vijiti vya kuongozea, akabonyeza. Kwenye kioo wachezaji wamesimama tu kama wanasubiri basi. Akabonyeza tena. Akaiweka chini taratibu akasema, unaona, hata pedi imenikataa. Nikaenda jikoni nisilie mbele yake, na huko nikakuta simu yetu juu ya friji inajifungua yenyewe, inahama kutoka picha hadi picha, inakwenda mbele na kurudi nyuma. Nilidhani ina jini! Kumbe nyuma ya pedi kuna kijiswichi, kikiwa juu inasema na simu, kikiwa chini inasema na kompyuta, na mimi mjuaji nilikuwa nimekiacha juu. Mume wangu alikuwa ameendesha picha za harusi yetu nzima kwa vidole vitatu bila kujua. Nilipomwonyesha, alicheka, akaomba nimrudishie pedi. Tangu jana hajaiachia, ila pale mtoto anapomwibia. Hata sasa ameshampokonya Chiriku, nasikia vitufe vinalia sebuleni.

Sasa lile ambalo nimekuwa nikilizungukazunguka. Wewe umekuwa ukilalamika kwamba kaka yako siku hizi anacheza hovyo, kwamba kipaza sauti chake ni kibovu kila wiki, na kwamba anajibu kwa maneno mafupi kama mtu mwenye deni. Shemeji, hukuwa unacheza na kaka yako. Ulikuwa unacheza na mimi. Yeye alikaa pembeni yangu ananinong'oneza, kulia, kulia, si kulia kwako, piga, piga, basi tena. Yule uliyemfunga sita bila, ukamwandikia aende akajiunge na chekechea, ni mimi. Yule uliyemwambia anacheza kama amevaa glavu za ndondi, mimi. Na ile siku ya sare, ukasema ni bahati, nakataa! Goli lile nilifunga kwa akili zangu, yeye alikuwa ameshafumba macho. Alivyofumbua na kuliona, alicheka mpaka akashikilia ukuta. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu aumie, ndiyo maana sikuweza kuacha kukudanganya. Na nikuambie ukweli wote, nimelipenda gemu lenyewe. Usimwambie mama mkwe.

Ombi langu ni hili. Jumapili hii atacheza mwenyewe. Atakuwa mzito, atakosea, vidole bado vinajifunza. Tafadhali usije, usiache mafunzo, na usimwachie magoli, atajua na itamuuma kuliko kisu. Mfunge. Mtukane kama zamani, yale ya masikio yake na ya magoti yake. Naye akikutukana usinyamaze, mjibu. Ya mkono atakwambia siku akiwa tayari, nawe ushangae kidogo, usizidishe.

Nisalimie rafiki zako wa bweni na yule binti, mwambie namngoja nimwone. Chiriku anakusalimu, amekuchorea kitu anachosema ni wewe, kina miguu mingi. Mimi shemeji yako nakuombea afya na mtihani wa

Ananiita. Anasema Mama Chiriku njoo, na hiyo kalamu uje nayo, tangu asubuhi anajua kwamba nakuandikia wewe, na kama ni habari za mkono wake basi afadhali akwambie mwenyewe.