Adhiambo Amefika, Mama

Mama,

Yawa, amefika! Adhiambo wangu ametua Kisumu leo asubuhi! Miaka minne, Mama. Tangu maofisa wa uhamiaji waliponikamata kazini huko majuu, wakanifungia kizuizini, wakanirudisha Kenya na nguo za mwilini tu, mtoto akabaki kwa watu nisiowajua. Wewe ulikuwa unaniambia, "Wacha kulia, piga simu." Nilipiga mpaka wakanichoka.

Unamkumbuka yule mama wa ustawi wa jamii wa kule, alivyotukagua kwa video hapa Obunga? Aliuliza mtoto atalala wapi. Mimi na mdomo wangu nikajibu kwa maringo, "Kwa nyanya yake!" Nawe ukaingia kwenye simu ukicheka, ukaonyesha kitanda chako. Nani angejua? Kwetu msichana akilala kwa nyanya ndiyo analelewa. Yeye akaandika kwamba sitaki kuishi na mwanangu. Ukafa kabla hatujasikia alichoandika. Wakili aliponisomea hiyo ripoti, tukiwa tumekuzika juzi tu, nilimwambia anisomee tena. Walitaka kuninyang'anya haki ya kuwa mama yake, apewe wazazi wengine kabisa.

Siku ya kesi nilikaa kwenye saiba, duka la intaneti pale Kondele, jaji ananitazama kwenye kompyuta. Nikamweleza kwamba mlango wako na wangu inatazamana, kwamba hata mimi nililala kwa nyanya na bado nilikuwa wako. Nikasema sasa umefariki, mtoto atalala kwangu. Aliniuliza jina lako, Mama! Nililitamka kwa sauti hadi saiba nzima ikageuka. Wiki iliyofuata wakili akapiga simu akipiga kelele, "Tumeshinda!" nami nikapiga kelele zaidi yake.

Amekuwa mrefu, ana miguu yako. Dholuo, lugha yetu, imemtoka yote, lakini omena, dagaa wetu, amekula akalamba vidole. Nilicheka mpaka nikalia.

Ila hakutaka kufungua begi lake. Ameliweka kando ya mlango, akaniuliza kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika, "Watakuja kunichukua lini?" Nikamwambia hawaji. Akauliza tena. Nikafungua hilo begi mwenyewe, nikatoa nguo moja moja, nikazitundika pamoja na zangu, yeye akiniangalia tu.

Jumamosi namleta nyumbani Luanda Kotieno akusalimie kaburini. Pumzika sasa, Mama, hiyo kazi tumeimaliza. Nakuapia mtoto huyu haondoki tena mikononi mwangu. Begi lenyewe nimeshampa jirani.

Wako,
Akinyi