Nyuzi Mbili kwa Mama Mfiwa

Mjukuu wangu Kwamboka,

Salamu zikufikie huko ugenini. Sisi wa Nyamache tu wazima. Majani ya chai yamechipua vyema, na shangazi yako wa Kiogoro amejifungua salama.

Unauliza kwa nini mwalimu wako wa banjo anakukataza kubana nyuzi zote unapomsindikiza mwimbaji. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mkali wa majukwaa ya siasa, tulipomzika Ombati, mwenzangu wa chumba, kule Nyaramba. Mama yake alipoanza kuimba, nilicharaza gitaa zima kana kwamba nahutubia uwanja. Alinyamaza katikati ya ubeti, akaja, akaweka kiganja juu ya nyuzi.

"Mwanafunzi, anayezikwa ni wangu. Niachie nafasi nimuage."

Nikabana nyuzi mbili tu, nikazigusa mmoja baada ya mwingine, nikitulia kila alipoimba na kujaza alipovuta pumzi. Ndipo maneno yake yaliponifikia: alikuwa akimwomba Ombati amsalimu pacha wake aliyetangulia.

Pacha? Nilikuwa nikidai haki za taifa zima, na mtu niliyelala naye chumba kimoja miaka miwili sikuwahi kumwuliza kama ana ndugu. Hadi leo mshtuko ule haujanitoka.

Babu yako