Nimemgeuza Kiboko Kwenye Simu, na Kaka Yangu Hajui

Mpendwa Bi. Aoko,

Pokea salamu kutoka Kware, na ukiiona barua hii ni ndefu ujue nimeshaipunguza, kwa sababu jambo lililonifika linamhusu kaka yangu mkubwa na linahusu kazi ya mikono yangu, na vyote viwili navipenda kiasi kwamba sijui nianzie wapi ili usinione mwenye majivuno, ingawa ukweli ni kwamba majivuno ninayo na leo sitayaficha.

Naitwa Nzembi. Sisi ni Wakamba, ukoo wa wachongaji, na kikundi chetu kina karakana upande wa Pumwani, pale ambapo marehemu baba yetu, mzee Maingi, alichonga vifaru na viboko mpaka macho yakakataa. Pale karakana kuna desturi ambayo hata aliyeanza kazi jana anaijua: mnunuzi akishika kinyago, kabla hajatajiwa bei, mchongaji mwenyewe hukigeuza kichwa chini amwonyeshe tumbo na nyayo, maana nyufa na viraka vya gundi hukaa huko, na anayekuonyesha uso peke yake kuna kitu anakuficha.

Kaka yangu Muasya ndiye aliyekuwa wa kwanza kwetu kujua kompyuta, na ndiye aliyenifundisha mimi kuunda tovuti, nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kando yake. Zamani kidogo, simu za kugusa zikiwa bado hazijajaa mitaani, aliitengenezea karakana tovuti ambayo mtu aliye mbali angeweza kumshika kiboko wa baba kwa mausi ya kompyuta na kumgeuza mpaka aone nyayo, na ili hilo liwezekane alitumia plagini, yaani kale kaprogramu ka kampuni ya ng'ambo ambako ni lazima ukaweke kwenye kompyuta yako kwanza ndipo ukurasa ufanye kazi. Nasema kwa haki kwamba siku zile hapakuwa na njia nyingine nzuri. Watu walitoka mitaa mingine kuja kuona, na baba alimgeuza yule kiboko huku akicheka hadi machozi, na mimi nikaapa moyoni kwamba siku moja nitafanya kazi kama ile.

Simu zikaja, Bi. Aoko, na ile plagini haikukubali simu, halafu kampuni yenyewe ikaitupa, brauza zikaiondoa, na leo ukifungua tovuti yetu unaona kisanduku cha kijivu tu. Muasya amebaki na kompyuta moja nzee pale karakana ambayo amekataza mtu yeyote asiisasishe, na humo viboko bado wanazunguka, na kila mgeni akija anapelekwa mbele yake kama anayepelekwa kumwamkia babu.

Siku moja nilikuwa dukani kwa Nuradin, mfanyabiashara wa Eastleigh anayepelekea mahoteli zawadi za wageni, akafungua tovuti yetu kwenye simu yake mbele yangu. Akanirudishia macho ya huruma.

"Sister, hapa kuna boksi ya grey tu. Hii kitu ilikufa kitambo."

Nikampelekea Muasya maneno hayo, na mazungumzo yetu yalikuwa hivi, nayakumbuka yote.

"Mteja serious atatafuta kompyuta," akasema.

"Muasya, nani huku Eastlands bado anatafuta kompyuta? Hata pasta anahubiri na simu."

"Basi naleta plagini mpya. Kuna kampuni nimeongea nao, wako na app yao. Mtu anadownload mara moja, anaona kila kitu."

"Na hiyo kampuni ikifunga? Afadhali viwango huria, hizo ni za bure."

"Na hizo vitu zako za bure zikiharibika, utapigia nani simu?"

Swali lile lilinikalia kichwani, kwa sababu si swali la mjinga. Lakini jibu langu ni kwamba viwango huria ni kanuni za kuunda kurasa za mtandao zilizowekwa hadharani, hazina mwenyewe mmoja, kila mtengenezaji wa brauza anazifuata, na mmoja akiacha wengine wapo. Ilhali kwa plagini sisi ni wapangaji, na sisi wa Kware tunajua mwenye nyumba akibadilisha kufuli huwa inakuwaje. Wengine kwenye kikundi walisema basi tuweke picha za kawaida yaishe, Muasya akakataa katakata kwamba hiyo ni kuonyesha uso peke yake, na hapo nilikuwa upande wake kabisa.

Ndipo nikajifungia na kazi. Nilimpiga picha kiboko wa baba pande zote, tumbo na nyayo, nikaandika ukurasa mwepesi kwa viwango huria vitupu, hakuna cha kupakua, hakuna cha kuweka, unafungua unamgeuza kwa kidole. Nikampa Mideva, jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye simu yake imejaa picha za watoto haina nafasi hata ya app moja. Akamgeuza, akacheka.

"Nzembi, huyu mnyama ako na kovu kwa tumbo."

Ni fundo la mti, si kovu, lakini aliliona, kwenye simu ile, na sijawahi kujivunia kitu maishani kama nilivyojivunia dakika hiyo. Nikampelekea na Nuradin. Hakuambiwa afanye nini, alimpindua kichwa chini moja kwa moja, kisha akaniuliza, "Nani ametengeneza hii?" Nami nikajibu, "Ni kikundi." Jina langu nikalimeza.

Sasa Jumamosi hii kikundi kinakutana kuchagua njia moja, na mwenyekiti wetu mzee Mbaluka ametaka kila mwenye wazo alilete. Muasya atasimama na app ya kampuni yake. Hajui kwamba nina kitu. Nikisimama nitakuwa namshinda kaka aliyenifundisha, mbele ya wazee waliochonga na baba, na nikinyamaza tutatia sahihi mkataba wa hiyo app na kufungiwa mlango mara ya pili, na kazi yangu itafia kwenye simu yangu. Nisimame au nikae? Anwani ya ukurasa nimekuwekea hapa ujionee. Mkiichapa gazetini, majina yaacheni kama yalivyo, sina la kuonea aibu.

Wako,
Nzembi, Kware.

*

Nzembi,

Kabla sijakugombeza, nilifungua. Simu yangu ni ya kawaida, kioo kimepasuka pembeni, na bando lilikuwa linaelekea kuisha. Kiboko akaja. Nikamgeuza, nikaliona fundo la Mideva, nikamrudisha, nikamgeuza tena, mpaka mhariri akapita akaniuliza kama ukurasa wangu umekwisha. Nikamwonyesha naye akaishika simu yangu asirudishe. Sikujui, lakini nilijivunia wewe kana kwamba nimekulea, na nilijivunia Kware iliyokupa kimeza cha kufanyia kazi hiyo.

Sasa keti. Kuhusu app na viwango huria hunihitaji mimi, jibu unalo na umelieleza vizuri kuliko wengi wanaolipwa kulieleza. Mnunuzi anayeambiwa apakue kitu kabla hajaona bidhaa huondoka, na siku kampuni ikichoka mtabaki na kisanduku kingine cha kijivu. Lakini lile swali la kaka yako, utapigia nani simu, umelijibu nusu. Kitu cha wazi kisicho na mtu wa kukitunza nacho hufa. Kabla ya Jumamosi tafuta wawili katika kikundi utakaowafundisha kupiga picha na kurekebisha ukurasa, uwataje kwa majina mkutanoni. Ukiugua, ukiolewa Kitui, ukipata kazi kwingine, kazi iendelee.

Shida yako ni nyingine, na nashangaa hukuiona ulipokuwa ukiiandika. Umemwonyesha jirani. Umemwonyesha Nuradin. Umenionyesha mimi, mtu usiyemjua, na sasa unataka kuwaonyesha wasomaji wa gazeti zima. Aliyebaki ni mtu mmoja, tena ndiye mwalimu wako. Wewe uliyelelewa kwenye karakana inayogeuza kila kinyago, kaka yako unamwonyesha uso tu.

Unajiambia ni heshima. Si heshima hiyo. Umekaa peke yako ukaamua kwamba Muasya ni mdogo wa moyo, hataweza kuona kazi nzuri ya dada yake bila kuanguka. Nani alikupa kazi ya kumpimia? Mtu huyo ndiye aliyekataa picha za kawaida wakati kukubali kungemrahisishia maisha. Aliposhika plagini alikuwa sahihi, ndicho kitu kilichokuwepo, na alichokuwa akikitafuta ndicho hicho ulichokipata wewe. Hukumshinda, binti. Umemaliza alichoanza, na yeye ndiye pekee pale karakana anayeweza kuelewa jinsi ilivyokuwa ngumu. Nadhani hilo ndilo linalokuuma. Unataka aseme umefanya vizuri, na unaogopa hatasema.

Na tukiwa hapo, mtu akikuuliza nani ametengeneza, usijibu tena "ni kikundi." Kikundi hakikulala na njaa kikihangaika na picha za nyayo. Fundi hutaja jina lake ili kazi ikiharibika ajulikane, na ikisifiwa vilevile.

Jambo la mwisho ni la majina. Msomaji anayetaka siri hujiita "Mwenye Wasiwasi, Kware." Wewe umeandika lako, la Muasya, la mwenyekiti, na marehemu baba juu yake. Huo si ujasiri wote, Nzembi. Unataka gazeti limwambie kaka yako ili wewe usimwambie. Mimi si mjumbe wako. Ndiyo maana nilikupigia simu mapema wiki hii nikakwambia barua inatoka Ijumaa, majina yote, kama ulivyoomba, kwa hiyo umwone kaka yako kabla ya siku hiyo, ukasema "Sawa, Bi. Aoko" kwa kisauti ambacho sikukitarajia kwa mwandishi wa barua hii.

Basi fanya hivi. Nenda Pumwani asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia. Usimcheke kuhusu kompyuta yake nzee wala usimhubirie kuhusu viwango. Mpe simu ukurasa ukiwa umefunguka, unyamaze. Atamgeuza, namjua bila kumjua. Kisha atakuonyesha kosa, kwa sababu walimu wako hivyo, na kama ni kosa kweli lirekebishe akiwa amesimama hapo. Mwambie ulichoniambia mimi, kwamba ulimwona baba yenu akicheka mbele ya kazi yake ukataka kufanya kama hiyo. Halafu mwombe Jumamosi msimame wawili.

Akikubali, tovuti iwe na majina mawili, lake likitangulia, maana alitangulia. Akikataa, simama peke yako, useme wazi kwamba yeye ndiye aliyekufundisha na kazi ni yako, uwape wazee simu wageuze wenyewe, kikundi kiamue. Hasira ya kaka utaishi nayo, hupoa, mtakutana Krismasi mbele ya sahani moja. Kukaa kimya wachongaji wakifungiwa mlango tena, na wewe ufunguo unao mfukoni, huko hutaweza kuishi nako.

Na kama unasoma haya leo Ijumaa na bado hujaenda, liweke gazeti hili chini utoke sasa hivi. Pumwani gazeti hufika mapema kuliko Kware.

Bi. Aoko