Saruji Niliyopaka Chumba cha Mama

Jumatano, 15 Juni 2011

Ufa umefika dirishani. Juzi ulikuwa chini kabisa, nyuma ya kitanda cha Mama, mwembamba kama uzi. Leo kidole changu kinaingia. Nimegonga ukuta kwa kifundo cha kidole — unalia mvungu! Udongo wa ndani umejitenga, saruji ya nje imesimama peke yake.

Mama ananitazama tu kutoka kitandani. Angenitukana ningepumua.

Upepo kutwa. Nimefagia mchanga sebuleni mara tatu, ya nne nikauacha. Ukae, kama unapapenda.

Jumamosi, 18 Juni

Niandike, nisijidanganye. Kosa ni langu.

Mwaka jana nilirudi kutoka Bamako na pensheni yangu ya uuguzi na mdomo wangu mrefu. Nikaionea aibu nyumba ya udongo. Kila mwaka kukandika! Kila mwaka udongo na pumba za mpunga zinaoza uani, wiki nzima harufu. Nikaleta vijana wawili kutoka Mopti, wakapiga lipu ya saruji kuta zote za nje, chumba cha Mama kikiwa cha kwanza. Siku nne tu. Ikang'aa! Watu wakapita makusudi kutazama, nami nikasimama mlangoni makusudi kutazamwa.

Bonkana sikumwambia.

Bonkana ndiye fundi wetu. Baba yake alikuwa fundi wa baba yangu, babu yake wa babu yangu. Hapa Timbuktu nyumba ina fundi wake kama mtu alivyo na mjomba wake, huchagui. Fundi mwingine haigusi. Na mwenye nyumba akifa, fundi huyo huyo ndiye anayemchimbia kaburi. Bonkana alimchimbia Baba, peke yake, jua la saa saba, akakataa kusaidiwa. Nilikuwepo. Nilimpa maji kwa mkono wangu.

Yote hayo nilikuwa nayajua. Nilijitia kusahau.

Alhamisi, 23 Juni

Nimezunguka kutafuta fundi tangu asubuhi. Wa kwanza alicheka. Wa pili akaniambia, nyumba ile ina mwenyewe, mama, kamwone Bonkana. Wa tatu hata kivulini hakutoka. Akapunga mkono kama anafukuza nzi.

Nikapita kwa Zeinabu kununua mkate. Kaweka tanuri lake katikati ya njia na ulimi wake pia katikati ya njia. "Fadimata! Ulipoipaka nyumba poda, ulidhani itapata mchumba?"

Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje? Nilipofika nyumbani nikakaa jikoni nikalia na mkate mapajani. Ulikuwa bado moto.

Jumatatu, 27 Juni

Agisa kapiga simu kutoka Bamako. Kaka yangu huyu anatoa amri kama waziri. Bomoa, asema, jenga kwa tofali za saruji, na Mama mlete huku. Nikampa Mama simu.

Mama kamsikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Mwanangu, humu nitatoka nimebebwa. Na Bonkana atakuwa mbele." Akanirudishia simu. Halafu, bila kunitazama, akaniuliza: "Au na kaburi langu utawaita wale watoto wa Mopti?"

Nimemkanda miguu. Imekuwa miepesi mno.

Ijumaa, 1 Julai

Mvua ya kwanza! Vumbi jekundu kwanza, mchana ukawa giza, kisha matone makubwa. Dakika kumi tu. Ilitosha — kipande cha saruji ukubwa wa mlango kimeanguka uani, kimebandua na udongo. Sasa jua linaingia chumbani kwa Mama mahali pasipo na dirisha. Nimesogeza kitanda kona ya pili. Kuhama chumba hataki katakata.

Ikinyesha hivi mara mbili tatu, ukuta haupo.

Jumapili, 3 Julai

Nimekwenda kwa Bonkana. Njia nzima nilijiandaa kwa matusi. Niliyataka!

Maana sisi na ukoo wake ni watani. Zamani alikuwa haingii kwetu kwa hodi. Alikuwa anapiga kelele tangu njiani: "Walaji kunde nyie! Leteni chai, nimekuja kutazama nyumba yangu niliyowaazima!" Baba anamjibu kutoka ndani kwamba mtumwa hana nyumba. Mama anamwambia akajambe nje. Wakicheka hadi kupaliwa. Siku moja aliiba kiatu cha Baba akakikandika ndani ya ukuta, na mpaka leo hatujui ni ukuta upi.

Leo kanipokea mlangoni kwa mikono miwili. "Karibu, dada yangu. Karibu uketi." Kanipa kiti chenye mto. Kaniuliza hali ya Mama, hali ya Agisa, hali ya afya yangu. Chai glasi zote tatu za desturi, bila mzaha hata mmoja.

Nikamwambia, nimekukosea, Bonkana. Mbele ya mkewe. Nikashika mguu wake.

Akaniinua. "Hakuna kosa, dada yangu. Wewe ni msomi. Nyumba ni yako."

Nyumba ni yako! Miaka hamsini sijawahi kumsikia akisema hivyo. Nikamtania mimi — nikamwambia mkono wake mzito kama kwato za punda. Akatabasamu kama anavyotabasamia wageni. Akasema atakuja Jumanne.

Jumanne, 5 Julai

Amekuja. Naandikia jikoni, nimemwambia nachemsha chai.

Kapiga hodi! Mara tatu, akangoja nje mpaka nikafungua. Kanzu nyeupe, safi. Hana mwiko, hana ndoo. Kavua viatu, kaketi mkekani uani. Hakuutazama ukuta hata mara moja, akatazama miguu yake. Akasema kaja kuiachia nyumba. Amekwisha waambia mafundi wenzake, yeyote nitakayemtaka aje, yeye hana kinyongo. Kwa heshima ya marehemu baba yangu, akasema, hakutaka kutuma mtu.

Basi sasa nina ruhusa. Kesho naweza kuita fundi, ukuta utasimama kabla ya mvua nyingine. Ndicho nilichokuwa nakitafuta wiki mbili hizi! Na sitaki. Mungu wangu, sikitaki.

Upande wa mashariki kumekuwa kwekundu. Mbuzi wameanza kukimbilia ndani.

Nasikia kitanda cha Mama kinalia. Anajiinua. Anaongea kupitia ule uwazi wa ukuta, sauti ambayo sijaisikia tangu Baba afe:

"Nani huyo uani kwangu, ananuka sabuni? Bonkana? Haiwezekani! Bonkana ninayemjua mimi ananuka tope na uvivu! Wewe mwizi, unaondoka hujanichimbia kaburi? Babu yako alilipwa zamani, kondoo mzima, na akamla mpaka kwato!"

Nachungulia mlangoni. Bonkana ameinama, mguu mmoja tayari ndani ya kiatu. Kiatu cha pili kakishika mkononi. Mabega yanamtikisika, na amenipa mgongo, sioni kama ni kicheko ama kilio. Lakini kile kiatu cha pili hakivai.