Mkwe Wangu Hatoki Nje, na Tetemeko Nililizua Mimi

Mpendwa Bi Stoyanka,

Naomba msaada wako kabla sijaaibika mbele ya jengo zima, maana nakusoma gazetini kila Jumamosi na najua humwonei mtu haya, ila mimi nionee huruma kidogo, nina presha. Naitwa Tsonka, mjane, nakaa ghorofa ya tano katika mji wetu huu wa kando ya Danube pamoja na mwanangu Zhivko, mkewe Evdokia na mjukuu wangu Teodora, ambaye mwezi huu wa tano anamaliza sekondari, na unajua siku hiyo ilivyo kwetu, ngoma na zumari chini ya jengo, majirani wote nje, binti anashuka na gauni lake, na mama mzazi ndiye anayeongoza duara la horo, dansi yetu ya kushikana mikono, si shangazi, si jirani, mama mzazi, na huyo mama mzazi hajavuka mlango tangu baridi ya mwaka juzi.

Ilianzia ndani ya basi la kwenda Pleven, muda mfupi baada ya kumzika mama yake, moyo ukamwenda mbio, pumzi ikambana, akajua anakufa, hospitali wakampima wakasema moyo ni mzima kabisa, nami nikasema basi yamekwisha, kumbe ndiyo yanaanza, kwanza akaacha basi, halafu soko, halafu duka la mkate hapo chini, sasa hata takataka anatupa Zhivko, na Zhivko huyohuyo ndiye anayekwenda mikutano ya shule na kumnunulia mkewe viatu, viatu vya kwendea wapi sijui.

Majirani wanajua chanzo, kila mmoja na chake. Wa ghorofa ya pili anasema ni upepo wa dirisha uliompiga shingoni, dada yangu anasema ni kijicho, shemeji anasema ni uvivu na simu, na mimi nilisema na nitasema tena, enzi zetu ugonjwa huu haukuwepo kwa sababu hatukuwa na muda nao. Hata hivyo nilimleta bibi Kera, mganga wa kuondoa hofu, akayeyusha madini yake ya risasi, akaimimina kwenye maji juu ya kichwa cha Evdokia ili tuone umbo la kilichomtisha, dada yangu akaona mbuzi, mimi nikaona wazi kabisa pua ya marehemu mama yake, tukamuuliza Evdokia mwenyewe, akasema, "Mimi naona risasi tu, mama."

Sasa nafika penye aibu. Jumapili ya juzi, baada ya supu, Zhivko na Teodora wakiwa kwa fundi wa gauni, nilishika kabati la vyombo nikalitikisa hadi glasi zikalia, nikapiga yowe, "Tetemeko! Tokeni!" nikashuka ngazi kadiri magoti yalivyokubali, nikijua mtu anayeogopa kufa hataogopa bustani. Bi Stoyanka, jengo zima lilitoka. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tatu alitoka na taulo. Mzee Gencho, ambaye kila siku anadai hawezi kutembea, alinipita kwenye ngazi. Evdokia peke yake hakuonekana, hadi tukasikia sauti ndani, "Mama! Mama uko wapi?" kumbe ameshuka hadi ghorofa ya pili, miguu mitupu, mkono mmoja ukutani na mwingine umeshika vidonge vyangu vya presha, anatetemeka mwili mzima, na mimi kwa furaha nikapiga makofi nikasema, "Si mnaona! Akitaka anaweza!" Watu wakacheka. Naye akaelewa, akakaa hapohapo kwenye ngazi hadi Zhivko aliporudi akambeba.

Tangu siku hiyo anakula chumbani kwake, mwanangu ananisalimia kwa kichwa tu, na Teodora anasema hataki ngoma wala horo. Zimebaki wiki tatu. Nifanyeje mkwe wangu ashuke? Watu watasemaje?

Tsonka, ghorofa ya tano


Bi Tsonka,

Nakupa pole ya presha na pole ya mjukuu. Pole zangu zimeishia hapo.

Isome tena barua yako, pale penye vidonge. Mtu anaamini jengo linamwangukia, na kitu cha kwanza anachokimbilia ni dawa zako. Anashuka ngazi ambazo kwake ni ndefu kuliko barabara ya Sofia, anakutafuta wewe, na wewe unampigia makofi mbele ya mwanamume mwenye taulo. Mimi ningekuwa Zhivko, hata hicho kichwa nisingekitikisa.

Na usirudie tena hilo la akitaka anaweza. Mtu anaweza kuingia kwenye nyumba inayoungua akamtoe mwanawe, hiyo haina maana kwamba ukimrudisha humo kila siku atazoea.

Nilimuuliza daktari wa mambo haya kabla ya kukujibu. Si upepo, si kijicho, wala si pua ya marehemu, Mungu amrehemu. Mara nyingi huanza hivi: mwili uliochoshwa na msiba au mawazo unapiga king'ora siku isiyo na moto. Evdokia aliogopa king'ora chenyewe, akaogopa kisije kulia tena mahali ambapo hawezi kutoka wala kusaidiwa, akaacha basi. Kuacha kukampa nafuu, na nafuu hiyo ndiyo iliyomfunga, maana kila anapokwepa, hofu inajiona ilikuwa na haki. Wengine huzaliwa na mwili mwepesi wa kushtuka, wengine chanzo hakijulikani. Uvivu haumo.

Hilo la enzi zetu niachie mimi. Shangazi yangu Velika hakuvuka geti lake miaka na miaka, na kijiji kizima kikamsifu kuwa mke mtulivu asiyezurura. Kila Machi nane, siku ya wanawake, tulimpelekea maua. Ugonjwa ulikuwepo, Bi Tsonka, tuliuita adabu.

Sasa fanya hivi. Omba radhi, mlangoni pa chumba chake, bila neno "lakini". Kisha gonga milango ya jengo na useme aliyestahili kuchekwa ni wewe. Anza na Mzee Gencho, siku hizi atakufungulia haraka. Zhivko atafute daktari, wapo wanaokubali kuanza kwa simu. Na umwambie huyo mwanao kwamba nampenda sana, lakini aache kumletea mkewe dunia mezani: asimfanyie, afanye naye. Hatua ziwe ndogo, na azichague Evdokia mwenyewe, leo mlango wazi, siku nyingine ghorofa ya nne. Hofu ikimshika, mtu akae naye hadi ishuke, bila kumsukuma, bila kumsifu kama mtoto, na bibi Kera abaki kwake. Kuna siku atarudi nyuma. Ni kawaida.

Siku ya Teodora atashuka? Huenda asishuke. Wiki tatu ni chache, na atakayekuahidi vingine anakudanganya. Kwa hiyo muulize yeye anaweza kufika wapi, na ngoma na zumari zipande hadi hapo. Akifika ghorofa ya nne, horo ianzie ghorofa ya nne. Akiishia mlangoni, ianzie mlangoni, yeye mbele, Teodora wa pili, wewe nyuma yao na mdomo umefungwa. Wakipiga kelele kutoka chini kuuliza kwa nini mnacheza kwenye ngazi, hapo ndipo ufungue mdomo, uwajibu kwa sauti: "Mama wa binti yuko huku!"

Stoyanka