Turubai la Masjala

Jumatatu, 3 Machi 2025

Fedha za masjala zimeingia! Kila bajeti naandika "paa", na kila bajeti paa langu linarudi limegeuka mapazia ya ofisi ya mtu. Safari hii zimeshuka kutoka juu zenyewe, na kazi yake imeandikwa wazi: kuboresha utunzaji wa kumbukumbu. Nilipiga vigelegele peke yangu katikati ya mafaili. Panya wakakimbia.

Jioni kikao. Bwana Joel, mkuu wetu wa utawala, kasema haziwezi kwenda kwenye paa. Paa ni ujenzi, ujenzi una kasma yake, fungu lake kwenye bajeti, na kasma hiyo haina kitu. Hizi ni za kujenga uwezo. Kwa hiyo tunakwenda Musoma, semina. Mada — jinsi ya kulinda nyaraka dhidi ya unyevu.

Nilicheka mpaka wakanigeukia. Nikasingizia kikohozi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimerudi. Samaki, sato wa Musoma, walikuwa wazuri, sina la kusema. Tumefundishwa kwamba adui mkubwa wa karatasi ni maji. Nimepewa begi, kalamu na cheti. Ndoo niliyoiacha chini ya tundu la paa nimeikuta imejaa. Nikaimwaga, nikairudisha mahali pake. Uwezo umejengwa.

Jumanne, 11 Machi

Leo kaja Mama Gati, mwenyekiti wa kamati ya maji kijijini kwao, njia ya Nyambureti. Mama mtu mzima, mrefu, hana haraka ya maneno. Nikampa shikamoo, akaitikia "marahaba mwanangu", akakalia kiti changu maana ndicho kilichopo.

Shida yake ni lambo, bwawa la kunyweshea ng'ombe. Sadock, yule mwenye maduka Nyamongo, kalizungushia waya. Anasema kauziwa. Nani kamuuzia, hasemi. Ng'ombe wa kijiji kizima sasa wanateremshwa korongoni, na watoto wanachota maji kwa kupenya chini ya waya kama wezi. Kesi iko Baraza la Ardhi, Alhamisi tarehe 20, saa tatu asubuhi. Baraza linataka ushahidi kwamba lambo lilichimbwa kwa ajili ya kijiji. Bila ushahidi, lambo ni la Sadock, basi tena.

Ushahidi uko kwangu! Muhtasari wa kikao na ramani, mwaka 1987. Nimechimbua mpaka mafua yakanianza, nikaukuta nyuma ya maboksi ya kumbukumbu za pikipiki zilizokufa zamani. Ukingo umelowa kidogo, maandishi yanasomeka vizuri.

Mama Gati akalishika faili kwa mikono miwili. Haya, nipe niende. Nikamwambia haiwezekani mama, faili halitoki masjala bila saini. Basi mjukuu aje alipige picha kwa simu. Nikamwambia Baraza halitaki picha ya simu, linataka nakala yenye muhuri. Basi toa nakala. Mashine haina wino tangu Krismasi. Basi gonga muhuri. Muhuri anao Bwana Joel.

Akaniangalia weee. "Sasa mwanangu, ninyi mnatunza au mnaficha?"

Iliniuma, sitasema uongo. Nikajibu kwa adabu kwamba utaratibu ni utaratibu, nikalirudisha faili rafuni. Mimi Atieno sijawahi kutoa faili kinyemela, hata kwa ndugu zangu wa Tarime, na wanajua hivyo. Wameshanisema sana.

Ijumaa, 14 Machi

Bwana Joel hagongi muhuri wowote mpaka wakaguzi wapite. Wakaguzi wa masjala! Kutoka makao makuu! Wanakuja Jumatano tarehe 19. Nikamkumbusha kesi ya lambo ni Alhamisi asubuhi. Akasema si kuna Jumatano jioni? Jumatano jioni atasaini, atagonga, hata akitaka Mama Gati atapigiwa makofi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mlango umepakwa rangi ya kijani. Kuna bango jipya: KUMBUKUMBU NI UHAI. Kiti cha pili kimeletwa. Paa — wamelitazama, wakasema kutoka barabarani halionekani.

Jumatatu, 17 Machi

Yawa! Leo nimeona mambo.

Bwana Joel kaingia, kasimama katikati ya masjala, akavuta hewa, akakunja uso. Chumba kinanuka. Mafaili yamechakaa, yanatia aibu. Wakaguzi hawawezi kuona hivi. Nikasema labda tungeeleza kwamba yamechakaa kwa sababu ya paa. Akasema tukitaja paa watauliza fedha zimekwenda wapi.

Dawa yake: mafaili yatoke. Yote! Yabaki machache yenye majalada mapya, yapangwe mbele. Mengine yakapumzike nyuma ya ofisi, ndani ya ile lori iliyokaa juu ya matofali tangu sijaajiriwa. Yafunikwe turubai. Nikauliza na saini? Mafaili hayatoki bila saini. Akacheka, akanipiga begani. "Dada Atieno, funika kombe mwanaharamu apite."

Vijana wamebeba mchana kutwa. Mafaili ambayo mimi nimeyakatalia watu kwa miaka, leo yamepita mlangoni kwa toroli, hakuna aliyeandika kitu. Na la lambo limo. Nilitaka kulichomoa nilitie kwenye droo yangu. Nikajiambia hapana, hilo litakuwa kosa la kiutaratibu.

Mjinga mimi.

Turubai lilikuwa na tundu. Nimelishona mwenyewe, kiraka cha koti langu la mvua la zamani, lile la njano. Thadeo mlinzi kaapa atalala jicho moja.

Jumanne, 18 Machi

Jua kali. Kila nikipata nafasi naenda nyuma kugusa turubai. Kavu. Wameazima mashine ya fotokopi dukani kwa jirani, inarudi kesho jioni. Ina wino! Imewekwa masjala, pembeni yake kompyuta ya mapokezi, isiyo na waya wa umeme. Bwana Joel kaleta muhuri wake, kauweka mezani kwenye kitambaa cheupe, uonekane.

Nimempigia Mama Gati. Aje kesho mchana, asubiri kidogo tu.

Jumatano, 19 Machi

Naandika mezani masjala.

Wakaguzi walifika saa nne. Mkubwa wao mama mmoja mpole, miwani imening'inia shingoni. Akazunguka. Akapitisha kidole rafuni, hakuna vumbi. Akasema amekagua masjala nyingi, hii ndiyo ya kwanza isiyonuka panya. Kisha akataka kujaribu: tumpe faili lolote la miaka ya themanini. Nikafungua mdomo. Bwana Joel akawahi, "Hayo yote tumehamia kidijitali, mheshimiwa," akanyoosha mkono kwenye kompyuta. Mama wa watu akaandika. Hakuiwasha.

Tukitoka nje akaninong'oneza. Dada, mna bahati. Hata kule kwetu makao makuu paa linavuja, tunaomba kila mwaka.

Tumeshinda. Wakaguzi wametutangaza masjala bora! Cheti, hotuba, pilau, na nyama ya mbuzi kutoka Kisaka. Uwanjani wamejenga kibanda cha wageni. Mama Gati kashafika, kasimama getini na kanga yake, hajakaribishwa kiti. Nikamwonyesha kwa mkono, bado kidogo.

Hotuba ya Bwana Joel ilipofika kwenye uzalendo, mvua ikashuka. Mvua ya kwetu, haipigi hodi. Sisi tuko kibandani, wakavu, mimi nikashukuru Mungu. Nikainua macho.

Kiraka cha njano.

Nyasaye, Mungu wangu! Niliruka viti. Thadeo akanipokea njiani, macho chini — Bwana Joel ndiye kaagiza, turubai la kukodi halikuletwa, angefanyaje? Kule nyuma lori imegeuka josho. Mafaili yamevimba, mengine yanaelea. Nikapanda. Mama Gati akapanda nyuma yangu, umri ule, na sketi yake, sikumwita. Yeye ndiye aliyeliona, chini kabisa, karibu na tairi la akiba. Akalifungia ndani ya kanga yake.

Sasa tuko hapa. Karatasi za lambo zimegandana. Tunazibandua moja moja, yeye anashika, mimi napuliza. Muhtasari umepona, saini zote zinaonekana. Ramani bado. Wino wake umeanza kukimbia upande wa lambo, na ndipo hasa tunapopahitaji. Mashine ya watu tumeiwasha. Muhuri uko pale pale kwenye kitambaa cheupe, umepambwa kwa ajili ya picha. Sina saini. Sijaiomba.

Nje MC ananiita. Mtunza kumbukumbu bora, Atieno, aje apokee cheti chake! Makofi.

Mama Gati kaniuliza si ndiye wewe? Nikamwambia sijasikia kitu, tulia, usiivute hiyo kwa nguvu.

Sasa hivi Bwana Joel kaja mlangoni, kachungulia, kaona matope sakafuni. Kasema kwa sauti ya chini nifunge mlango upesi, wageni wanakuja kupiga picha ya pamoja humu ndani, atawachelewesha kidogo kwa soda, nitoe hizo takataka na huyo mama.

Nimefunga. Kwa ndani, na ufunguo nimempa Mama Gati.

Wanagonga. Mashine inapata moto. Ramani bado inatona.