Mtamba Mwekundu wa Kesi Yako

Baba yangu,

Kesi yako imesikilizwa. Nimeanza na hilo kwa sababu ningeanza na salamu ungenikatiza. Imesikilizwa Jumanne, na saa sita mchana tulikuwa tumeshatoka nje. Asubuhi moja tu, Baba! Wewe ulienda mara kumi na moja.

Tumeletewa hakimu wetu hapa hapa katani. Yule wa zamani alikuwa mmoja kwa mahakama tatu, na simlaumu, angejigawa vipi? Lakini mimi ndiye niliyekuwa nakupigia pasi lile shati jeupe kila tarehe, na jioni ndiye niliyekupokea ukisema, "Imeahirishwa, mwanangu. Nipe maji." Hata harusi ya Kulwa, binti yako mwenyewe, ulikataa kukaa. Ukasema mtu mwenye kesi ya wizi hali ubwabwa wa watu. Kisha kifua kikakubana, ukaondoka ukiwa bado mshtakiwa. Iliniuma. Bado inaniuma.

Walituambia mshtakiwa akifa kesi inafungwa. Sawa. Ila yule mtamba uliyedaiwa kumwiba alikuwa bado kielelezo cha kesi, kawekwa kwa mwenyekiti wa kijiji, na wala si mtamba tena: kazaa mara mbili humo humo akimsubiri hakimu. Ungecheka mpaka ukohoe. Basi tukaitwa, mimi na Mzee Luhende aliyekushtaki, iamuliwe ng'ombe ni wa nani.

Hakimu ni mama wa makamo, haongei kwa haraka. Karani akafungua jalada, akaita jina lako lote, mimi nikasimama nikaitika, "Nipo." Watu wakaguna. Hakimu hakunikemea. Akaniuliza kama ng'ombe ni wa baba yangu.

Nisamehe, Baba. Baba mdogo alikuwa amenionya niseme ni wetu, la sivyo nitakuwa nimekuita mwizi kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini nilishakwenda kwa mwenyekiti nikamwangalia huyo ng'ombe vizuri. Ana baka jeupe tumboni. Wetu aliyepotea alikuwa mwekundu mtupu. Ulikosea, Baba. Siku ile makundi yalipochanganyika kule mto Momba, uliangalia sikio tu, kama ulivyotufundisha: mkato mmoja, sikio la kushoto. Ukamswaga nyumbani. Hukukumbuka kwamba Luhende naye hukata hivyo hivyo, maana babu zenu walichunga pamoja Usukumani na mmehamia huku na alama ileile.

Nikayasema yote. Nikamaliza, "Ng'ombe ni wa Mzee Luhende. Ila baba yangu hakuiba."

Hakimu alikuwa ameagiza tuje na ng'ombe mmoja kutoka kila zizi. Akatoka mwenyewe uani na viatu vyake vizuri, akashika masikio, hili na hili, akamgeukia Luhende. Mzee akavua kofia. Akasema alijua siku zote kwamba alama ni moja, ila alikuwa na hasira, akawa anangoja aulizwe, na hiyo siku ya kuulizwa haikufika. Akalia, mzee mzima. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Akapewa ng'ombe wake na ndama wake wawili, na hakimu akaandika kwenye jalada kwamba hapakuwa na wizi. Nimeona kwa macho yangu, na muhuri umegongwa.

Ndama wetu wa mwaka huu nitawakata mikato miwili, nakuahidi. Kulwa amejifungua mtoto wa kiume, Jumamosi kuna shughuli. Tangu tukuzike sijakaa kwenye shughuli ya mtu. Hii nitakwenda. Nimelifua shati lako, nitalivaa hivyo hivyo linavyonipwaya, nitakaa katikati ya watu, nile ubwabwa wangu na wako.

Pumzika sasa, Baba. Hakuna tarehe nyingine.

Binti yako,
Dotto